Je, inafaa zaka kumlipia kodi na kumpa mtaji mama aliyekumbwa na mafuriko?

SWALI: Assalamu alaykum Sheikh. Sisi ni kamati ya zaka ya msikiti mmoja hapa Eastleigh. Kuna dada yetu wa Mathare, muuza mboga, analea watoto watatu peke yake tangu aachwe na mumewe. Mafuriko ya Aprili 2024 yalizoa nyumba yake ya mabati na kibanda chake, na kilichobaki kikabomolewa serikali ilipoamuru watu waondoke kando ya mto. Hadi leo anahamahama na wanawe. Baadhi yetu wanasema zaka apewe unga na mafuta, vikiisha arudi. Kumpa pesa nyingi kwa mpigo ni kuwapunja maskini wengine. Wengine wanasema atafutwe kwanza baba watoto. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam wa rahmatullah.

Dada huyu anastahiki zaka, bila shaka yoyote. Mafukara na maskini ndio waliotangulizwa katika mafungu manane ya wanaopewa zaka, yaliyotajwa katika Surat at-Tawba, aya ya 60. Na katika hadithi aliyoipokea Imamu Muslim, Mtume (s.a.w.) alimwambia Qabisa bin Mukhariq kwamba kuomba hakuhalaliki ila kwa watu watatu. Mmoja wao ni aliyepatwa na janga likafagia mali yake: huyo ni halali kwake kuomba mpaka apate cha kuyasimamisha maisha yake. Hapo ndipo Mtume alipoweka kikomo, na shibe ya siku mbili tatu haifiki hapo.

Ndiyo maana wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi hawakumkatia kila maskini kiasi kimoja. Imamu Nawawi ameeleza katika kitabu chake al-Majmuu kwamba mwenye ufundi hupewa cha kununulia zana zake, na mfanyabiashara hupewa mtaji unaolingana na biashara yake. Muuza mboga ametajwa humo waziwazi! Basi kaeni na dada huyu mpige hesabu pamoja: kodi ya mwezi wa kwanza na amana anayodai mwenye nyumba, meza na turubai ya kibanda, pesa ya mzigo wa kwanza kutoka soko la Marikiti, sare za watoto, na cha kula hadi biashara ishike. Kama alizipata zile shilingi 10,000 ambazo serikali ilizitangaza kwa familia zilizohamishwa, hazimwondolei haki yake.

Ama hofu ya kuwapunja wengine, naiona kinyume. Mkimpa vifurushi, atabaki kwenye daftari lenu mwaka baada ya mwaka. Akisimama, fungu lake mwakani ni la mwingine.

Tena kwa Shafi, zaka ya pesa hutolewa pesa. Unga na mafuta toeni katika sadaka zenu. Na pesa hiyo ya zaka lazima aimiliki yeye, kwa hivyo msimpelekee mwenye nyumba nyuma ya mgongo wake. Akiwawakilisha mumlipie, ni sawa. Lakini nawasihi sana: msimtafutie chumba kingine kwenye ukingo ule ule wa mto, ndani ya zile mita 30 ambazo serikali iliamuru watu waziondokee, eti kwa sababu ni rahisi. Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru, na masika hurudi kila mwaka.

Baba watoto ana wajibu wa kuwalisha wanawe, na talaka haikuuondoa. Mama anaweza kumshtaki katika Mahakama ya Watoto, na mmoja wenu amsindikize. Lakini kesi huchukua muda, na matumizi yasiyofika hayamfanyi mtu kuwa tajiri. Mpeni sasa. Wala msimhoji kwa nini aliachika, hilo halimo katika masharti ya zaka. Wala asipigwe picha akipokea. Mwenyezi Mungu ametukataza katika al-Baqara, aya ya 264, kuziharibu sadaka zetu kwa masimango na maudhi.

Najua Mathare majirani zake wengi waliokumbwa na maji yale yale si Waislamu. Zaka ya faradhi, kwa kauli ya wanazuoni wengi, fukara wao hapewi, lakini mlango wa sadaka uko wazi kabisa. Asmaa binti Abubakar aliruhusiwa na Mtume (s.a.w.) kumtendea wema mama yake aliyekuwa bado mshirikina. Fungueni mfuko wa pili kwa ajili yao, na uanze pamoja na huu.

Wallahu aalam.