Gundi inayoachia kwa mwanga: maswali yenu

Mimi ni fundi simu, Majengo. Gundi ya UV (inayokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno) niliyobandikia kioo, nikiimulika tena itaachia?

Haiachii. Hiyo ikishakauka imeshafungamana jumla, na ukizidi kuimulika unaikaza tu. Pasha skrini moto nyuzi 70 hadi 80, kisha pitisha waya mwembamba chini ya kioo. Inayoachia kwa mwanga ni gundi nyingine kabisa. Usitegemee kuikuta duka la vipuri.

Nasoma kemia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM). Nikitaka kutengeneza gundi inayoachia kwa mwanga, nianze na molekuli ipi?

Azobenzini. Mwanga wa UV wenye urefu wa wimbi wa nanomita 365 huikunja, wa buluu au kijani huinyoosha. Ukiifunga kwenye polima (minyororo mirefu ya molekuli) inayofaa, ikinyooka gundi ni ngumu, ikijikunja inalainika hadi kutiririka, bila moto. Antrasini, molekuli nyingine, nayo huungana mbilimbili kwa nanomita 365, ila kuiachanisha kwa mwanga kunataka takriban nanomita 254. Kioo cha dirisha hakipitishi mwanga huo, na taa yake inaunguza macho na ngozi.

Nitapimaje nguvu ya gundi bila mashine?

Mwambie fundi vioo akukatie vipande vyeupe, visivyo na rangi, unene milimita 3, upana 25. Visafishe kwa spiriti, paka gundi, vipishanishe milimita 10. Eneo ni milimita 250 za mraba. Ncha za nje bandika kwa epoksi bati lenye tundu, ning'iniza ndoo, mimina maji taratibu. Lita 20 ni kama nyutoni 196, yaani, ukigawa kwa eneo hilo, karibu megapaskali 0.8, bila uzito wa ndoo. Vaa miwani na viatu vya kufunika.

Wengi hukwama kwenye unene. Azobenzini inameza mwanga mno: tabaka likiwa nene, uso unalainika na ndani kunabaki kugumu, halafu unalaumu taa. Mikrometa chache (sehemu za elfu za milimita) zinatosha.

Inafaa kwa vigae?

Hapana. Mwanga haupenyi kigae. Upande mmoja lazima upitishe mwanga.

Na jua la Dodoma?

Jua lina UV na buluu pamoja, kwa hiyo molekuli nyingine zinajikunja huku nyingine zikinyooka, na joto nalo lipo. Kiungo chenye mzigo kinaweza kuteleza polepole. Kitumie ndani, au kikinge kwa polikabonati, plastiki ngumu angavu ambayo huzuia UV.

Nikiibandika upya inapungua nguvu. Kwa nini?

Kwanza shuku vumbi, hasa kiangazi. Ukiachanisha, gundi hubaki pande zote mbili. Ukiziacha wazi mezani, vumbi linanasa na mgusano unapungua. Zifunike mara moja. Pili, usiing'oe ikiwa bado ngumu, itameguka na kuacha mashimo: imulike mpaka ilainike, kisha telezesha kioo pembeni. Kama unatumia antrasini, oksijeni ya hewa huiharibu wakati wa kumulika, na sehemu iliyoharibika haiungani tena.