Vanishi inabanduka kwenye viti vya nje, nifanyeje?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Entebbe, nina meza na viti vya mvule vinakaa nje kwenye nyasi mwaka mzima, mwaka jana nilipiga vanishi vikang'aa kweli, saa hizi inabanduka kama ganda la kitunguu, chini mbao imekuwa nyeusi na miguu imeanza kulainika. Jirani anasema nipake oili chafu ya gari eti itazuia mchwa na mvua. Nimsikilize?

JIBU: Marahaba dada. Jirani muache na oili yake, hiyo watu wanapaka nguzo za fensi, siyo kiti cha kukalia, inachafua nguo haitoki tena na ina sumu, si ya kugusana na ngozi. Halafu mvule mchwa hawaipendi sana.

Shida ni vanishi. Mbao ya nje inavimba mvua ikinyesha, inasinyaa jua likiwaka, vanishi imekauka haiwezi kuifuata basi inapasuka, maji yanaingia chini yanakosa pa kutokea, ndiyo huo weusi wa kuvu. Usipige nyingine juu yake! Toa yote kwa msasa namba 80 umalizie na 120, fuata nyuzi za mbao, na vaa barakoa maana vumbi la mvule linawasha pua mpaka macho. Osha kwa sabuni na brashi ya kawaida (stilwaya hapana, inaacha kutu), acha kivulini siku kadhaa zikauke kabisa.

Sasa paka mafuta ya mbao ya nje, yale ya tiki (teak oil). Sugua na kitambaa, subiri kama dakika 20, futa yaliyobaki juu la sivyo yatanata. Vile vitambaa usivikunje ukatupa stoo, vinaweza kupata moto vyenyewe vikashika, kweli kabisa, vitandaze nje vikauke au loweka kwenye maji.

Miguu ichome na bisbisi, ikizama kata hapo palipooza. Kama panahitaji kipande kipya, mvule utaipata Ndeeba, kwenye soko la mbao Kampala. Ncha za chini ndizo zinakunywa maji kuliko kwingine kote, zipake mafuta mara tatu nne, na kila mguu ukae juu ya tofali, siyo kwenye nyasi.

Rudia kupaka mafuta kabla ya mvua za Machi na za Septemba. Turubai ukifunika usifunge mpaka chini, hewa ipite, vinginevyo kuvu itarudi.