Mnaoanza maabara ya kinga, kabla hujalaumu TNF soma lebo ya bafa yako

Wadogo zangu, hii naiandika kwa sababu ilinila wiki tatu nzima na sitaki iwale na nyinyi.

Seli nyeupe kwenye damu inapita mbio, haisimami popote mpaka ukuta wa mshipa wenyewe uikamate. Pakiingia vijidudu, makrofeji, yaani seli zinazomeza vijidudu, zinatoa TNF na IL-1, protini za kupiga kengele ya hatari, zikifika kwa seli zilizotandaza mshipa kwa ndani basi zinaanza kuchomoza vishikizo, E-selektini inaidaka neutrofili (aina ya seli nyeupe) kijuujuu inabaki inabiringika, afu kemokini (protini ya kuita seli) kama IL-8 ikiigusa, integrini zake, yaani vishikizo vya upande wake, zinakunjuka zinang'ang'ania ICAM-1, kishikizo kingine cha ukutani, hapo ndo inaganda na kupenya nje. Mtoto akizaliwa na hitilafu ya CD18, ambayo ni kipande cha hizo integrini, kitovu kinachelewa kudondoka na kidonda hakitungi usaha, wakati damuni neutrofili zimejaa tele! Huo mfano ndo ulinifanya niipende hii kazi.

Muda uzingatieni sana. E-selektini seli inaitengeneza upya, kilele chake ni kama saa 4 mpaka 6 baada ya kuweka TNF afu inashuka, ICAM-1 inapanda taratibu na saa 24 bado ipo. Kwaiyo ukipima kesho yake ukaikosa E-selektini usikimbilie kusema TNF imekufa.

Mi nilikimbilia. Niliweka nanogramu 10 kwa mililita kwenye seli za mshipa wa kitovu, nikaweka neutrofili, nikaosha, kwenye darubini hamna kitu, nikaagiza TNF nyingine, hamna kitu tena. Mama mmoja mtaalamu wa maabara akaja akashika chupa yangu ya PBS, ile bafa ya maji ya chumvi niliyokuwa naoshea, akaweka kidole kwenye lebo akaniambia, "Hii haina kalsiamu wala magnesiamu mwanangu, hii tunatumia kubandulia seli." Selektini bila kalsiamu haishiki, integrini nayo inataka magnesiamu, yaani mi nilikuwa nazibandua mwenyewe kila nikiosha. Nilivyobadilisha bafa, siku ileile zimetapakaa kama punje za mtama.

Na damu ikitoka kwenye tyubu ya EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu na magnesiamu, osheni seli vizuri kabla ya kuzitumia, ni shida ileile. Ila EDTA kidogo wekeni makusudi kwenye kishimo kimoja cha kontroli, yaani cha kulinganishia, seli zikibaki zimeng'ang'ania hata hapo ujue hazijashikwa na integrini, zimenata tu kwenye plastiki.