Wasomaji Wanauliza: Nani Aliyenufaika na Lami?

Swali: Ndugu Mhariri, mwanangu ameniambia kwamba barabara ya lami ilibuniwa kwa sababu pipa lilimwagika njiani huko Uingereza, na kwamba bwana mmoja aliyeliona jambo hilo akaanzisha kampuni ya Tarmac na kutajirika. Je, habari hiyo ina ukweli? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Ndugu msomaji, habari ya pipa husimuliwa hivyo hivyo hata kwa wenyewe Waingereza; iliyokwenda kombo ni hiyo sehemu ya utajiri. Bwana huyo ni Edgar Purnell Hooley, mhandisi aliyesimamia barabara za kaunti ya Nottinghamshire. Inaelezwa kwamba mwaka 1901, alipokuwa akipita karibu na kiwanda cha chuma cha Denby katika kaunti jirani ya Derbyshire, aliona kipande cha barabara kilichotulia, kisichotimua vumbi wala kuchimbika kwa magurudumu. Alipouliza aliambiwa kwamba pipa la lami lilidondoka kutoka kwenye mkokoteni likapasuka, na watu wakaifunika lami hiyo kwa mabaki ya tanuri la chuma yaliyokuwa karibu.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba yeye ndiye aliyeibuni barabara ya lami. Mwanzoni mwa karne ya 19 Mskoti John Loudon McAdam alikwisha kuwafundisha Waingereza kujenga barabara kwa kokoto ndogo zenye pembe kali, zinazobanana zenyewe kwa uzito wa magari yapitayo, juu ya udongo ulioinuliwa ili maji yatiririke pembeni. Barabara hizo ziliyavumilia magari ya farasi vizuri, lakini motokaa zilipoingia, matairi yao ya mpira yakawa yanafyonza vumbi lililozishikilia kokoto, barabara zikafumuka na vijiji vikajaa vumbi. Kuzishika kokoto kwa lami nako hakukuwa jambo geni, kwa kuwa John Henry Cassell alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mbunifu, ya njia ya namna hiyo mwaka 1834. Alichokiongeza Hooley, katika hataza aliyoipata mwaka 1902, ni utaratibu: lami ichanganywe na mabaki ya tanuri kwa mashine kabla ya kufikishwa barabarani, kisha mchanganyiko utandazwe na kushindiliwa kwa mtambo wa mvuke. Ndani ya lami yenyewe alitia saruji kidogo na utomvu ili ishike vizuri zaidi. Barabara ya Radcliffe mjini Nottingham, kwa urefu wa kama kilomita 8, ndiyo inayotajwa kuwa ya kwanza kujengwa hivyo.

Mwaka 1903 alisajili kampuni ya kuiuza njia yake, lakini biashara haikumwendea. Nadhani sababu inaonekana kwa yeyote aliyewahi kusimamia ujenzi: Hooley alikuwa na cheti cha hataza na ajira ya kaunti, lakini malighafi yenyewe ilikuwa mali ya watu wengine. Aliyekuwa nayo ni Sir Alfred Hickman, mbunge na mwenye viwanda vya chuma wa Wolverhampton, mji ambao wasomaji wetu wapenda kandanda wanaufahamu kwa sababu nyingine. Chuma kinapoyeyushwa, uchafu wa madini huelea juu yake, ukikingwa na kupoa hugeuka jiwe gumu lenye vinyweleo, na kila siku ya kazi huongeza lundo ambalo mwenye kiwanda hana budi kulitafutia mahali pa kulitupa. Hickman aliona kwamba hataza ya Hooley ingeyageuza malundo hayo kuwa bidhaa. Akaichukua kampuni, na mwaka 1905 ikaanza upya kwa jina la Tarmac. Kwa hiyo, ukitaka kumtaja mtu aliyeifanya lami kuwa biashara, mtaje huyu ambaye hakuona pipa lolote.

Swali: Mhariri, lami inayomwagwa kwenye barabara zetu siku hizi ni ileile ya kampuni hiyo ya zamani? Nauliza kwa sababu wakandarasi hapa kwetu hutuambia kuna lami nzito na lami nyepesi, na nyepesi ndiyo inayobanduka upesi. (Msomaji, Singida)

Jibu: Kwa jina ni lami, kwa asili sivyo. Lami ya Hooley ilitokana na makaa ya mawe: viwanda vilivyochoma makaa ili kupata gesi ya taa na ya kupikia vilibakiza majimaji meusi, nayo yalikuwa takataka nyingine iliyotafuta matumizi. Lami ya leo ni bitumeni, yaani kile kizito kinachobaki mafuta ghafi yakisafishwa. Uingereza ilipoanza kutumia gesi asilia ya Bahari ya Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1960, viwanda vile vya gesi vilifungwa na lami yao ikaadimika. Tena lami ya makaa ya mawe imethibitika kuwa chanzo cha saratani kwa wanaoishika kazini, kwa hiyo hakuna wa kuilia.

Kuhusu nzito na nyepesi, kuna jambo la kufurahisha. Lami nzito, ambayo kokoto na bitumeni huchanganywa kwa moto kiwandani kisha huletwa na malori na kushindiliwa, inafuata utaratibu wa hataza ya Hooley. Lami nyepesi, ambayo bitumeni hunyunyizwa barabarani na kokoto kumwagwa juu yake, iko karibu zaidi na ajali ya Denby yenyewe. Si kwamba nyepesi ni mbaya. Inafaa pale ambapo malori mazito ni machache, ilimradi tabaka za chini zimeshindiliwa vizuri na mitaro inapitisha maji.

Maji hayo yaliwahi kuiaibisha hata kazi iliyokuwa mikononi mwa Tarmac. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa mkandarasi mkuu wa barabara ya kwanza ya magari ya kasi nchini Uingereza, inayoupita mji wa Preston kwa pembeni, yenye urefu wa takriban kilomita 13, ambayo Waziri Mkuu Harold Macmillan aliizindua tarehe 5 Desemba 1958. Tabaka la juu lilikuwa limepangwa liwe la muda tu. Maji yakapenya chini yake, yakaganda kwa baridi, yalipoyeyuka barabara ikaharibika, na baada ya siku 46 tu ikabidi ifungwe ili itengenezwe.

Swali: Niliwahi kufanya kazi na watu wa Carillion, ile kampuni ya ujenzi ya Uingereza, hapa Oman, na mzee mmoja alinieleza kwamba kampuni hiyo ilikuwa Tarmac. Carillion ilifilisika. Je, Tarmac nayo imekufa? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Mzee wako amesema kweli, lakini Tarmac ingali hai. Mwaka 1968 iliungana na Derbyshire Stone, wenye machimbo ya mawe, na William Briggs wa Dundee, waliosafisha bitumeni. Kwa hatua hiyo ilipata mawe na lami ya kwake, bila kutegemea tena matanuri ya chuma. Kisha ikavutwa na nyumba. Ilimnunua mjenzi John McLean mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa ikijenga zaidi ya nyumba 10,000 kwa mwaka, hadi soko la nyumba lilipoanguka. Mwaka 1996 ikafanya badilisho na kampuni ya George Wimpey: Wimpey ikachukua nyumba, Tarmac ikachukua machimbo na ukandarasi. Kwangu mimi hayo ndiyo maamuzi bora kuliko yote katika historia yake, kwani mwenye machimbo humuuzia kokoto kila mkandarasi, apate faida au apate hasara.

Mwaka 1999 upande wa ukandarasi ulitengwa ukawa Carillion, ile iliyojenga jumba la opera hapo kwenu Muscat pamoja na washirika wake Waomani. Ilisambaratika Januari 2018 ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7, ikaacha hospitali mbili kubwa za Uingereza zikiwa nusu, na miongoni mwa kazi zilizoiumiza ulikuwamo mradi mmoja wa Qatar.

Upande wa mawe ulibaki na jina la Tarmac na kupita mikono mingi: Anglo American iliununua mwaka 2000, mwaka 2013 ukaunganishwa na biashara ya Uingereza ya Lafarge, Wafaransa ambao watu wa Mombasa waliwafahamu kwa saruji ya Bamburi, na tangu 2015 uko chini ya CRH, kampuni yenye asili ya Ireland. Kisheria, Carillion na Tarmac zilikwisha kuwa kampuni mbili mbalimbali karibu miaka 19 kabla ya anguko lile, kwa hiyo kama una madai yoyote kutokana na kazi yako ya hapo zamani, usiyapeleke kwa Tarmac. Yanawahusu wafilisi wa Carillion, au kampuni ya Oman iliyokuajiri.