Kusajili ardhi ya jamii Kenya: anza na daftari

Umeuliza muanzie wapi kusajili ardhi ya jamii. Anzeni na daftari la wanachama, si ramani. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka vitu vinne vifike kwa msajili: jina la jamii, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mkutano na kanuni zenu. Mkutano wa jamii ndio unaochagua kamati ya usimamizi, watu 7 hadi 15. Akidi, yaani idadi ya chini ya watu wanaotakiwa mkutanoni, ni theluthi mbili ya wanachama watu wazima, na hapo ndipo wengi hukwama: wafugaji wako malishoni, mkutano unavunjika. Pangeni tarehe msimu ambao watu wako nyumbani.

Kwenye daftari, andikeni wanawake na vijana wote waliotimiza miaka 18. Aliyeolewa kwenu ni mwanachama pia. Mkiandika wakuu wa boma tu, mmewanyima kura wenye haki, na pingamizi litakuja.

Mipaka nayo, itembeeni kwa miguu pamoja na wazee wa majirani kabla mpimaji hajafika. Mti, kisima, jiwe, kila alama muiandike na pande zote mbili watie sahihi. Mpimaji akikuta ugomvi, kazi inasimama.

Kabla ya usajili, serikali ya kaunti inashikilia ardhi hiyo kwa niaba yenu tu; hairuhusiwi kuiuza. Mwekezaji akileta karatasi kwa wazee watatu wasaini, msikubali kabisa: mkataba wa uwekezaji unahitaji theluthi mbili ya watu wazima wa jamii, mkutanoni.