Fedha kwa mwarobaini: mbona tope linazama?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa mwisho chuoni na mradi wangu ni kutengeneza chembe nano (vipande vidogo mno visivyoonekana kwa jicho) za fedha, yaani ile metali, kwa majani ya mwarobaini. Nachemsha gramu 10 za majani makavu kwa maji ya bomba, nachuja, namimina kwenye lita 1 ya nitrati ya fedha (chumvi ya fedha inayoyeyuka majini) ya milimola 1 kwa lita. Ndani ya saa moja rangi inakuwa ya kahawia, nafurahi. Kesho yake nakuta tope la kijivu chini ya chupa. Wenzangu wananiambia niongeze majani. Itasaidia? Na je, naweza kuandika kwamba hii ni kemia ya kijani, yaani isiyochafua mazingira?

JIBU: Marahaba. Majani yaache kwanza, tuanze na maji. Maji ya bomba yana kloridi, ile iliyomo kwenye chumvi ya jikoni, na ya visima vya pwani ndiyo usiseme. Kloridi ikikutana na ayoni za fedha (atomi za fedha zenye chaji, zilizoyeyuka majini) inazaa kloridi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka, nao ukipigwa na mwanga unageuka kijivu. Nadhani ulipomimina uliona ukungu kama wa maziwa, ukaupuuza. Huenda tope lako kwa sehemu kubwa ndilo hilo. Tumia maji yaliyokenekwa (yaliyogeuzwa mvuke kisha yakapoozwa), na kabla ya kuyaamini yadondoshee tone la nitrati ya fedha: yakiingia weupe, tafuta mengine. Maji ya betri ya dukani siyashauri, maana wakati mwingine unauziwa asidi.

Sasa majani. Yana kazi mbili: flavonoidi na terpenoidi zake, yaani kemikali za asili za mmea, huzipa ayoni za fedha elektroni zigeuke metali, kisha huzivika chembe koti ili zisigandane. Kazi ya kwanza ndiyo ambayo maabara nyingi huifanya kwa kemikali kali kama sodiamu borohidridi au hidrazini, na hidrazini ni sumu kweli. Ila kuongeza majani hovyo kunaleta mashapo yake yenyewe. Anza na sehemu 1 ya maji ya majani kwa 9 za nitrati. Rangi ikichelewa, pandisha pH (kipimo cha asidi na alkali) hadi 8 au 9 kwa sodiamu hidroksaidi, tone kwa tone. Usitumie amonia! Mchanganyiko wake na fedha ukilala chupani unaweza kutengeneza kitu kinacholipuka kwa kuguswa tu.

Rangi ya kahawia nayo isikudanganye, kwani maji ya mwarobaini yenyewe ni ya kahawia. Weka chupa tatu dirishani: mchanganyiko, majani peke yake, nitrati peke yake. Kisha pima kwa spektrofotometa, kifaa kinachoonyesha mwanga wa urefu gani wa wimbi unafyonzwa zaidi. Chembe nano za fedha huonyesha kilele kati ya nanomita 400 na 450. Kikiwa chembamba, vizuri. Kikitanuka na kusogea kuelekea 500, zinagandana.

Kuhusu "kijani", hapo mimi ni mkali kidogo. Kanuni 12 za kemia ya kijani za wanakemia Paul Anastas na John Warner, za mwaka 1998, zinaanza na kuzuia taka, na jani halikupi msamaha. Piga hesabu ya mwanakemia Roger Sheldon: kilo za taka kwa kila kilo ya bidhaa. Lita yako moja ina fedha gramu 0.108 tu, hata ikigeuka yote. Kwa majani ya gramu 10, taka ni zaidi ya mara 90 ya bidhaa, na maji sijayagusa. Viwanda vya dawa, ambavyo Sheldon aliviweka mkiani, vilikuwa kati ya 25 na 100 na kitu. Kwa hiyo andika "njia isiyotumia borohidridi wala hidrazini", uweke na namba hiyo. Msahihishaji makini ataipenda kuliko neno "kijani" lililorudiwa mara ishirini.

Mabaki usiyamwage kwenye sinki, maana fedha huua samaki na vijidudu vya majini. Yakusanye kwenye chupa nyeusi, tia chumvi ya jikoni, acha usiku kucha. Fedha iliyobaki kama ayoni itazama ikiwa kloridi ile ile iliyokusumbua. Ichuje, mkabidhi fundi wa maabara.