Kabla hujanunua mashua iliyolala pwani, chimba uangalie mkuku

Kaskazi inapokaribia kwisha na vyombo vinaanza kupandishwa, huwa kuna mtu ananijia na swali lilelile. Ameona mashua imelala ufukweni, mara Mkokotoni, mara Kizimkazi, mara Pangani upande wa bara. Mwenyewe kafariki, au kahamia kwenye boti ya faiba yenye mashine, na bei imeshuka hadi inatia tamaa. Anataka kujua: anunue akaitengeneze, au aiache?

Mara nyingi namwambia aiache, na nasema hivyo kwa uchungu. Chombo cha mbao kinachooza pwani ni kazi ya mikono ya mafundi ambao wengi wao hawapo tena, na kila kimoja kinachogeuzwa kuni kinaniuma. Ila uchungu si sababu ya kununua. Nimeona watu wakimaliza akiba ya miaka kwenye mashua ambayo haikurudi majini, na nimeona pia chombo kilichotupwa kikarudi kuvua na kulisha nyumba. Kwa niliyoyashuhudia, tofauti baina ya hivyo viwili karibu kila mara ilikuwa mkukuni, kwenye lile gogo refu la chini linalobeba chombo chote.

Mbao za ubavuni hubadilishwa moja moja. Taruma, ule mti uliopinda unaozishika mbao kwa ndani, likioza, fundi hulitoa akatia jingine. Kazi ni kulipata tawi lililopinda lenyewe kwa mpindo uleule, maana mti ulionyooka ukikatwa kwa msumeno ili upate mpindo, nyuzi zake zinakatika na taruma linapasuka mapema. Mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga), usukani, tanga, hivyo vyote ni vya kununua au kuchonga. Mkuku ni habari nyingine. Siku chombo kinaanza kuundwa, mkuku ndio unaolazwa kwanza, fashini, yaani nguzo za mbele na nyuma, zinasimamishwa juu yake, na mbao za chini kabisa zinapigiliwa kwake. Kuutoa ni kukivunja chombo chote, na ukishakivunja unaunda kipya kwa gharama ya kipya, juu ya ile uliyokwisha lipa kwa cha zamani. Na gogo lenyewe la kuuchonga, la mvule au mbambakofi, lililonyooka mita 7 au 8 bila kasoro, siku hizi hulipati kirahisi, na kusafirisha mbao kunataka kibali cha misitu.

Kwa hiyo nenda ukaangalie siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, maji yakiwa yamepwa kabisa. Hapa Unguja bamvua kubwa maji hupanda na kushuka karibu mita 4, basi unapata muda wa kutosha kufanya kazi chini ya chombo mchanga ukiwa wazi. Chukua jembe dogo, bisbisi, nyundo, uzi wa fundi mwashi na tochi. Usikubali kuonyeshwa chombo maji yakiwa yamejaa, wala usikubali kuambiwa kwamba chini hakuna haja ya kuchimba.

Anza na uzi. Mtu mmoja aushike omo, yaani mbele, mwingine tezi, yaani nyuma, uvutwe mpaka ukaze kufuata mkuku. Ukiona katikati mkuku umepanda juu ya uzi huku ncha zote mbili zimeinama, mgongo wa chombo umeondoka. Hilo hutokea pale kinapoachwa miaka juu ya tuta la mchanga linalokishika katikati tu, omo na tezi zikabaki bila egemeo kila maji yakipwa. Mpindo kidogo kwa chombo kikongwe si ajabu. Mpindo unaouona kwa macho kabla hata hujavuta uzi, achana nacho.

Halafu chimba mchanga pembeni mwa mkuku, pande zote mbili, na usiishie sehemu moja. Unamtafuta mdudu wa baharini anayekula mbao. Wengi humwita mdudu, lakini ni jamaa wa chaza na kome: huingia kwenye mbao akiwa mdogo kiasi kwamba tundu lake ni kama ncha ya pini, kisha hukulia ndani, akaendelea kula kufuata urefu wa mbao na kuacha nyuma yake mfereji uliopakwa gamba jeupe kama chokaa. Nje mbao inabaki nzuri. Unaweza kuipaka rangi na kuiuza. Ukiichoma bisbisi ndipo inapozama mpaka mpini, na ukiibandua unakuta ndani imekuwa sega la nyuki.

Zamani, na kwa wanaojali hata leo, chombo kilijahabiwa, yaani kilipandishwa mchangani kusafishwa chini, kila baada ya miezi michache, kikapitishiwa moto wa makuti chini ili kumuua huyo mdudu akiwa bado mchanga, kisha kikapakwa deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu (mafuta ya mnyama). Chombo kilichotelekezwa hakikupata hata kimoja kati ya hivyo. Kikiwa kimelala mahali ambapo maji hukifikia chini kila siku, sehemu inayolowa imekuwa chakula miaka yote hiyo. Ajabu yake ni kwamba chombo kilichovutwa juu kabisa, kikakauka mpaka mbao zikaachana na ukaona mwanga kupitia ubavuni, mara nyingi ndicho kizima zaidi. Mdudu huyo hawezi kuishi kwenye mbao iliyokaa kavu muda mrefu.

Hapo ndipo watu wengi hukosea kuhukumu. Wanakiogopa kile chenye nyufa na kukipenda kile kisichovuja. Nyufa za ukavu ni jambo la kalafati: pamba iliyotiwa mafuta inasukumwa kati ya mbao, na chombo kikirudi majini mbao zinavimba na kubana. Chombo kisichovuja baada ya kukaa miaka bila matunzo ndicho cha kukitilia shaka. Ingia ndani uinue mbao za sakafu. Nimekuta saruji imemwagwa ngamani, chini kabisa ndani ya tumbo la chombo, ikafunika mkuku wote, na mwenye kuuza akasema ni ya kukipa chombo uzito. Saruji ikishakaa juu ya mbao huwezi kujua kilicho chini yake, na maji yanayopenya pembeni hayatoki tena. Faiba nayo ikivikwa juu ya mbao kuukuu ni vivyo hivyo: unyevu unabaki ndani, mbao zinaozea gizani, na kukarabati ni lazima uibandue yote kwanza.

Ukiwa humo ndani, kumbuka walivyosema wahenga: tezi na omo, marejeo ni ngamani. Maji ya mvua yaliyoingia miaka yote ya kutelekezwa yameishia hapo. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi huichelewesha mbao kuoza. Maji ya mvua yaliyotuama ndiyo yanayoiozesha. Kwa hiyo weka mkono chini kabisa, mahali mataruma yanapokutana na mkuku, upapase. Mbao nzima ni ngumu hata ikiwa na utelezi. Iliyooza inafinyika chini ya kidole na ina harufu ya uyoga. Angalia zaidi tezini, chini ya kile kijukwaa anapokaa mshika usukani, kwa sababu pale hewa haipiti na hakuna anayefagia.

Misumari angalia kwa haraka. Ukiona alama nyeusi zimezunguka kila kichwa cha msumari na mbao imelegea hapo, ujue chuma kimeliwa na kutu na mbao imeungua pamoja nacho. Ikiwa ni michache, inapigwa mipya pembeni. Ikiwa ni chombo kizima, hakuna tena kinachozishika mbao na mataruma. Na kama kiliwahi kufungwa mashine, kagua fashini ya nyuma pale ilipotobolewa kupitisha shafti, maana mtikisiko wa miaka huzilegeza mbao za sehemu hiyo kuliko kwingine kote.

Yote haya fanya na fundi, na awe fundi wako. Aliyeletwa na mwenye kuuza atakwambia kila kitu kinatengenezeka, na hasemi uongo. Kila kitu kinatengenezeka ukiwa na fedha za mtu mwingine. Mimi nilikwenda Nungwi kumwomba mzee mmoja anayeunda vyombo pale ufukweni anifuate kuangalia mashua niliyokuwa naitaka. Alifika, akavua viatu, hakuuliza bei wala umri. Akaanza kugonga kwa nyundo ndogo, kuanzia omo, ubao kwa ubao, sikio karibu na mbao. Penye uzima mlio ulikuwa mkali na mfupi. Alipofika ubavu wa kushoto karibu na mkuku mlio ukafa, akarudia mara ya pili, akachora alama ya mkaa. Alichora alama kila alipopata mlio mfu, akamaliza upande huo, akahamia wa pili, kisha akasimama mbali akaitazama yote.

"Unaonaje, mzee wangu?" nikamuuliza.

"Mwanangu, hesabu mkaa," akasema. "Mkaa uko mbaoni. Mkukuni hamna."

Tuliinunua. Alama zote zilikuwa kwenye mbao tatu za chini na mataruma yanayozishika, na hizo ndizo zilizobadilishwa. Nakushauri nawe umwombe fundi wako achore hivyo, kisha mhesabiane pale pale: mbao ngapi, mataruma mangapi, siku ngapi za kazi. Mimi kipimo changu ni hiki. Fundi akisema zaidi ya nusu ya mbao zilizo chini ya maji zitoke, siendelei hata mkuku ukiwa mgumu kama chuma, kwa sababu kila ubao unaotolewa unalegeza wa jirani yake, na kazi iliyokadiriwa leo itaongezeka kesho.

Tanga lililochanika, kamba zilizooza, usukani uliopotea, rangi iliyobambuka, visikutishe. Vitumie kupunguza bei.

Kuna swali ambalo mnunuzi hapendi kuulizwa, nami huliuliza kabla ya yote: chombo hiki kitafanya kazi gani, na nani atakuwa nacho kila siku? Mashua ya mbao huishi kwa kutumiwa. Inataka mtu wa kukumba maji asubuhi, yaani kuyachota na kuyamwaga nje, wa kuipaka sifa (mafuta ya papa) mbao za juu zisipasuke kwa jua, wa kuijahabu kwa zamu. Ukiwa na wavuvi wako, au unapeleka wageni baharini jioni, au una ndugu pwani anayeishi na bahari, chombo kinaweza kujilipa. Ndugu zetu walioko Maskati au Ulaya wanaotaka mashua iwangoje mpaka likizo, nawaambia wazi kwamba wakirudi wataikuta palepale walipoiokota. Wakitaka kweli, wamweke nahodha, wampe avue nayo kwa makubaliano, na wahesabu kwamba faida ya kwanza ni chombo kubaki hai.

Upande wa makaratasi, tatizo kubwa nililoliona ni mirathi. Mashua iliyolala mara nyingi ni ya marehemu, na anayeuza ni mtoto mmoja tu kati ya wengi. Usitoe hata shilingi mpaka warithi wote wameridhia kwa maandishi mbele ya sheha, au mbele ya uongozi wa mtaa kwa walio bara. Chombo kikiwa kibovu hakuna anayekidai. Siku utakayokishua majini kikiwa na rangi mpya, utapigiwa simu na wajomba usiowajua. Usajili na ukaguzi ni kwa mamlaka za vyombo vya majini: ZMA hapa Zanzibar, TASAC Tanzania Bara, na KMA kwa walioko Kenya. Waone kabla ya kazi kuanza, wakwambie chombo cha kazi unayoitaka kinapaswa kuwa na nini.

Na kama jibu ni kwamba mkuku umekwisha, bado usikiache kikachomwa kuni. Mafundi wetu hawaundi kwa michoro. Wanaunda kwa jicho na kwa mkono, na umbo la mashua iliyokuwa ikikata maji vizuri halikuandikwa popote isipokuwa kwenye mashua yenyewe. Mlete fundi achukue vipimo: urefu wa mkuku, mlalo wa fashini, upana wa kila taruma na mpindo wake. Mataruma mazima yatolewe yatumike kama kigezo au yatumike yenyewe. Piga picha kila pembe. Chombo kipya kikiundwa kwa vipimo hivyo, mwendo wa kile cha zamani haujapotea, na utakuwa umelipa bei ya mbao kuukuu tu. Natamani vijana wanaojifunza ufundi huu wangepewa nafasi hiyo kila mashua inapokufa.

Ukiamua kununua, tafuta mbao kabla ya kulipa chombo. Mafundi wako tayari kuanza kesho, ila mbao ndefu zilizokauka vizuri ndizo zinazochelewa, na mashua iliyofunguliwa ubavu ikakaa kusubiri mbao inaharibika zaidi ya ilivyokuwa. Panga kazi iwe kati ya Juni na Septemba, mvua za masika zikishapita, ili kalafati ipigwe mbao zikiwa kavu. Mlipe fundi kwa hatua: mbao za chini, kisha mataruma, kisha kalafati na deheni. Na ukishashua, usipakie mzigo wala abiria mpaka bamvua moja imepita. Kifunge karibu, weka mtu wa kukumba usiku na mchana, na usishtuke kwa maji ya siku za mwanzo. Yakiwa hayapungui ifikapo siku ya nne au ya tano, kirudishe mchangani utafute panapovuja.